Alhamisi Ndogo

Alhamisi, saa kumi na dakika hamsini jioni, Nashwa alikuwa amesimama mbele ya ubao wa ghorofa ya tano, akibandua karatasi za njano moja moja na kuzipanga mkononi. Ubao ulikuwa na safu tatu: Inangoja, Inafanywa, Imekwisha. Karatasi zilizofika Imekwisha zilikuwa kumi na tisa. Zilizoahidiwa wiki mbili nyuma zilikuwa kumi na tisa pia. Huko chini, mtaa wa Dokki ulikuwa unapiga honi, kwa kuwa kesho ni Ijumaa na kila mtu alitaka kufika kwao.

Kampuni ilitengeneza programu ya simu ya kukodi viti vya harusi. Mwenye harusi yake Giza au Shubra alibonyeza, akachagua viti vya dhahabu au vya kawaida, na viti vikaletwa. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa kiti cha dhahabu, lakini kazi ilifanywa kana kwamba wako waliokufa.

Waliokuwa wakiifanya ni watatu. Tharwat, mtu wa miaka arobaini na sita, ndiye aliyejua kila kitu kilichokuwa ndani ya programu, kama mtu anavyojua kabati la mama yake. Inji alikuwa na mikono isiyoweza kukaa bure. Kirolos alijaribu kazi ya wenzake ili aone imevunjika wapi, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu wa mzaha. Nashwa hakuandika programu. Yeye aliilea timu. Walifuata utaratibu uitwao Skramu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanaufuata vizuri: wapange kazi za wiki mbili mbili, wasimame pamoja kila asubuhi kwa robo saa waambiane nani amekwama, wasiahidi zaidi ya uwezo wao, na waende mwendo ambao mtu anaweza kuuendea mwaka mzima bila kuanguka.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Aliyekalia kiti cha Tharwat kabla yake, Wagih, alianguka juu ya kompyuta katikati ya mwezi wa Ramadhani, na sasa alishinda kwenye roshani ya mama yake akitazama njiwa. Tharwat naye alikuwa ameanza kutia chumvi kwenye chai, na kuinywa yote bila kusema kitu.

Mkewe, Mirvat, alimpigia Nashwa simu juma hilo hilo. "Dada, mimi sijui mambo yenu ya karatasi," alisema. "Nimekukabidhi mtu. Nirudishie mtu."

Saa kumi na moja kamili wote wanne wakaingia kwenye lifti. Lifti ikashuka, ikatikisika kidogo ghorofa ya pili kama desturi yake, ikafika chini na kufungua mlango. Walikuwa ghorofa ya tano.

"Tumerudi," Inji alisema.

"Lifti imechoka," Kirolos alisema. "Ina haki yake."

Wakajaribu ngazi. Walihesabu ghorofa tano kushuka, na mwisho wa ngazi ulikuwa mlango wa ofisi yao wenye kibandiko cha viti viwili vya dhahabu. Nashwa akaenda dirishani. Mtaa ulikuwa umesimama. Mwuza mikate, baiskeli chini yake na ubao wa mikate kichwani, alikuwa ameinama kwenye kona, haanguki wala hanyooki. Mbele ya jengo, Ami Gaber, bawabu, alikuwa anamimina chai, na uzi wa chai ulikuwa umesimama kati ya birika na glasi. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la chuo cha kilimo na halikuonyesha haraka yoyote. Saa ya ukutani ndani ya ofisi ndiyo pekee iliyotembea.

"Basi tuna muda," Tharwat alisema. Akavua viatu, akakunja koti, akaliweka chini ya kichwa na kulala zuliani kando ya mashine ya kuchapisha.

Alilala saa kumi na moja mfululizo. Inji aliosha vikombe vyote vya ofisi, akavifuta, akavipanga kwa ukubwa, halafu naye akalala. Kirolos alikata kucha. Nashwa alikaa kwenye kiti akiwatazama wanavyopumua, na baada ya muda akagundua kwamba mabega yake yalikuwa yameshuka kutoka masikioni yalikokaa tangu mwaka juzi. Saa ya ukutani ilipozunguka mara mbili, wakaingia kwenye lifti na lifti ikawashusha hadi chini kabisa. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika mbili. Chai ya Ami Gaber ikafika kwenye glasi.

"Kirolos, mwanangu," bawabu akasema, "asubuhi ulipanda ukiwa umenyoa."

"Ndevu zangu zina bidii, ami."

Juma lililofuata siku ile ikaja tena, pale pale, kati ya Alhamisi na Ijumaa. Kirolos akaipa jina: Alhamisi ndogo. Wakaanza kujiandaa. Inji alileta godoro la sifongo. Mirvat alipoelezwa aliuliza jambo moja tu, kwamba katika siku hiyo watu hula mara ngapi, kisha akampa mumewe sufuria ya majani ya zabibu yaliyojazwa mchele, imefungwa kwa kitambaa na kupigwa mafundo mawili. Tharwat akaacha chumvi. Asubuhi moja kwenye kikao cha kusimama alicheka jambo fulani, na wote wakageuka kutazama ile sauti imetoka wapi.

Nashwa hakuulizia siku hiyo imetoka wapi. Miaka minne alikuwa ameomba kwa maneno mazuri timu yake ipate nafasi ya kuvuta pumzi, na miaka minne meneja wao, Ustadh Medhat, alikuwa amemjibu "hakika kabisa" na kuongeza karatasi. Sasa nafasi ilikuwa imekuja yenyewe kwa mlango wa nyuma. Aliipokea kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.

Alhamisi ndogo ya nne, Inji alishindwa. Alikuwa amelala vya kutosha, vikombe vilikuwa safi, na kulikuwa na kitufe kimoja kilichokuwa kinamkera: bibi harusi akichagua viti vya dhahabu, mara nyingine alikuwa anaandikiwa vya plastiki. "Dakika tano tu," akasema. Alikitengeneza kwa muda wa kuchemsha yai. Kirolos, alipoona, akakijaribu, na kwa kuwa alishawasha kompyuta akajaribu na vingine viwili. Tharwat akavuta kiti. Hakuna aliyemlazimisha. Alifanya kazi kama mtu anayemenya njegere barazani, mawazo yake yako mbali, na karatasi tatu zaidi zikahama. Walifurahi. Walikuwa wamesahau kwamba kazi hiyo ina utamu wake mtu akiwa amelala.

Kufika Jumapili, Nashwa alikuwa na karatasi sita zaidi upande wa Imekwisha, na ukutani kulikuwa na mchoro wa mwendo wa timu, uliopanda na kushuka kulingana na pointi, yaani uzito wa kazi, walizomaliza. Angeweza kuziacha zile sita nje. Alisimama na kalamu mkononi muda mrefu, chai ikapoa. Lakini alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe kwamba ukuta hausemi uongo, si wa kuongeza wala wa kupunguza. Akachora mstari ukapanda.

Mchoro ule ulikuwa wa timu, ili wajue wasiahidi zaidi ya walichoweza. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni: mzunguko ujao wa wiki mbili ahidi kile ulichomaliza mzunguko uliopita, basi. Kanuni hiyo iliwekwa kuwalinda.

Ustadh Medhat alipita na kahawa yake. Alikuwa mtu mwenye sauti laini, aliyemwita kila mtu mhandisi, hata Ami Gaber. "Mmepanda, Bi Nashwa," alisema.

"Kidogo tu, ustadh."

"Kidogo wapi? Pointi kumi na nane. Mmefanyaje?"

Nashwa akamweleza, kwa kuwa alikuwa ameuliza. Ustadh Medhat alisikiliza mpaka mwisho na kunywa kahawa.

"Siku nzima," alisema. "Na zile tatu za kwanza mlifanya nini?"

"Tulilala."

"Wote?"

"Kwa zamu hapana. Kwa pamoja."

"Hakika kabisa," Ustadh Medhat alisema, na akatoa simu kuandika.

Mzunguko uliofuata waliahidi kile walichomaliza mzunguko uliopita, kwa mujibu wa kanuni, na kwa hiyo Alhamisi ndogo ilikuwa ndani ya ahadi. Godoro la Inji likasimamishwa ukutani kupisha meza. Mama wa ofisi ya utumishi alipanda kuulizia, kwa sababu fomu yake ya mahudhurio ilikuwa na visanduku vya siku saba tu. Baada ya kushauriana na wakubwa wake alisema waendelee kuandika Alhamisi, maana jina ni moja. Ustadh Medhat mwenyewe alijaribu kushuka nao mara mbili ili aione siku hiyo kwa macho. Lifti ilimpeleka yeye peke yake moja kwa moja chini, akawahi mpira wa mwanawe.

Kazi haikutosha ndani ya siku moja, kwa hiyo siku ikapata mwenzake. Alhamisi ndogo zikawa mbili, halafu tano. Kila zilipoongezeka mchoro ulipanda, mchoro ulipopanda ahadi ilikua, na ahadi ilipokua Alhamisi nyingine ndogo ilijipenyeza kuipokea. Zilipofika kumi na mbili, kampuni ikaleta friza, magunia mawili ya mchele na makatoni ya maharage ya ful, na kwenye tangazo la nafasi za kazi ikaandika kwamba wafanyakazi hupewa chakula. Kufika mwezi wa Mei zilikuwa arobaini kwa juma.

"Watu hukaa arobaini kwa ajili ya maiti," Kirolos alisema, akifungua kopo. "Sisi tunakaa kwa ajili ya viti."

Siku arobaini jua lilikaa juu ya paa la chuo cha kilimo, na siku arobaini mwuza mikate aliinama kwenye kona yake. Kila asubuhi ya saa ya ukutani walisimama mbele ya ubao kwa robo saa na kuulizana nani amekwama. Wote walikuwa wamekwama, lakini walijibu kuhusu programu. Nashwa alijaribu alichokijua. Alipunguza karatasi za safu ya kati ili kila mtu ashike moja tu. Alifuta vikao visivyo na maana. Aliwalazimisha wale mezani, si mbele ya kompyuta. Mambo hayo yaliisaidia sana timu, ikamaliza haraka zaidi, mchoro ukapanda.

Tharwat ndiye aliyeonyesha uzee zaidi. Alikuwa na ndugu pacha, Talaat, mwenye duka la dawa Helwan, na watu walikuwa hawawatofautishi isipokuwa kwa miwani. Kufika msimu wa maembe, nywele za Tharwat zilikuwa nyeupe na za Talaat nyeusi. Talaat alianza kumwita mjomba, kwa utani. Kufika msimu wa komamanga aliacha utani na akaanza kumpisha kiti.

Jumapili moja asubuhi Mirvat alipanda ofisini mwenyewe. Hakuleta sufuria. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mkoba mapajani na kumtazama Nashwa, ambaye naye alikuwa na mistari mipya pembeni mwa macho.

"Nilikukabidhi mtu wa miaka arobaini na sita," Mirvat alisema.

"Najua, dada."

"Ijumaa ameingia mlangoni wa hamsini. Ameniuliza swichi ya taa ya jikoni iko wapi. Nyumba yake mwenyewe, Nashwa! Mimi tangu Alhamisi asubuhi sijamaliza hata kukausha nguo, yeye amekaa siku arobaini bila kuniona. Ananishika mkono kama mtu aliyetoka jela."

"Hakulalamika hapa."

"Tharwat? Tharwat akiungua ataomba radhi kwa moshi." Mirvat akanyanyuka. "Sikutakii ubaya. Nakuona na wewe umezeeka, maskini. Lakini wewe ndiye uliyewekwa hapo kuwatunza. Usipokuwa wewe, ni nani? Bawabu?"

Alipoondoka, Nashwa aliingia kwa Ustadh Medhat bila kugonga. Alimwambia kwamba timu haiwezi kuendelea hivi, kwamba Tharwat anakwisha, na kwamba alihitaji apumzike, si kesho wala mwezi ujao, bali katika mzunguko huu unaopangwa asubuhi hii.

Ustadh Medhat hakukasirika. Aliguswa kweli, akashika kidevu. "Wewe unajua utaratibu kuliko mimi, mhandisi," alisema kwa upole. "Jambo lisiloandikwa kwenye karatasi halifanyiki. Liandike. Nami nakuahidi litapewa haki sawa na kazi nyingine."

Nashwa akarudi ubaoni, akachukua karatasi ya njano na kuandika: Tharwat apumzike. Akaibandika juu kabisa ya safu ya Inangoja. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka hiyo kuona jambo hilo limeandikwa pale.

Ilibidi ikadiriwe, kama karatasi nyingine zote. Desturi yao ilikuwa hivi: kila mmoja alikuwa na karata zenye namba, ndogo kwa kazi nyepesi na kubwa kwa kazi nzito. Walichagua kimyakimya na kuinua kwa pamoja, ili asiwepo anayemfuata mwenzake. Waliopishana sana walijieleza, kisha wakainua upya.

Wakainua, Ustadh Medhat akiwa amekuja kusimamia. Inji alikuwa na kumi na tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kirolos aliinua karata yenye picha ya kikombe, ambayo maana yake ni kwamba tupumzike kwanza, na Ustadh Medhat akasema hiyo haihesabiwi. Tharwat alikuwa na moja.

"Jieleze, Inji," Nashwa alisema.

"Mtazame shingo," Inji alisema. "Mtazame anavyosimama! Hiyo ni kazi ya miezi."

"Na wewe, Tharwat?"

"Kidogo tu inatosha," Tharwat alisema. "Sipendi kuzuia kazi ya watu."

"Unakadiria kazi au unaomba ruhusa?" Kirolos akamuuliza. "Umri wa babu, adabu ya bibi harusi."

Wakainua mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu Tharwat alikuwa amechoka kupishana na wenzake, akainua kumi na tatu. Nashwa akaandika namba hiyo pembeni mwa karatasi, kubwa, kwa wino mwekundu, na kwa muda kidogo akahisi wameshinda.

"Kumi na tatu," Ustadh Medhat alisema. "Bi Nashwa, si ni wewe uliyetufundisha? Karatasi ya kumi na tatu haiingii kwenye mzunguko. Ni kubwa mno, haijulikani itakwisha lini. Hugawanywa."

Ni kweli ndiye aliyewafundisha, na ni kweli huwa hivyo. Wakaigawanya. Iliwachukua mpaka saa saba mchana, na waliifanya vizuri, kwa kuwa walikuwa timu nzuri na walimpenda Tharwat. Zilipatikana karatasi kumi na tatu, kila moja ya pointi moja: alaze kichwa, ashushe bega la kulia, ashushe bega la kushoto, avue viatu, asahau viti, aote ndoto yoyote, akae na mkewe bila kuangalia saa, na nyingine za aina hiyo. Ustadh Medhat akazipanga kwa umuhimu pamoja na kazi za programu. Msimu wa harusi ulikuwa unakuja, na viti vya dhahabu vilikuwa na matatizo mengi. Hesabu ilipofungwa kulikuwa na nafasi ya karatasi moja tu kati ya zile kumi na tatu, nayo ikawa ile iliyosema: afumbe jicho la kushoto.

Tharwat aliichukua mwenyewe na kuibandika safu ya Inafanywa. Kisha akaketi, akafumba jicho la kushoto na kuendelea kuandika programu kwa la kulia.

Alilifumba mzunguko mzima, siku za watu wote na zile themanini ndogo. Hakulifumbua kwa kuibia hata mara moja. Kwenye kikao cha kusimama alisema kila asubuhi, "Jana nililifumba, leo nitalifumba, sijakwama." Inji alimwekea chai upande wa kulia ili asiimwage. Nashwa alikaa karibu naye kila alipopata nafasi, upande ule wa giza, na alipoona mkono wa Tharwat unapapasa kutafuta kalamu alimsogezea.

Siku ya mwisho ya mzunguko, Alhamisi kubwa, walisimama mbele ya ubao kukagua. Kirolos alimwinamia Tharwat usoni, akapitisha kidole mbele ya kope, akarudia mara mbili, na kutangaza kwamba kazi imekidhi vigezo. Karatasi ikahamishwa kwenda Imekwisha. Ustadh Medhat alipiga makofi, na wengine wakapiga pia. Akasema huu ndio mwendo wa afya aliokuwa akiusikia miaka yote, na kwamba ameagiza ghorofa ya sita ije ijifunze. Nashwa akachukua kalamu na kuongeza pointi moja kwenye mchoro, kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika kweli.

"Samahani," Tharwat alisema. "Sasa naweza kulifumbua?"

Wakageukia orodha. Nashwa aliipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini, karatasi moja baada ya nyingine, kisha kutoka chini mpaka juu.

Hilo hakuna aliyekuwa ameliandika.